Joto na Ukuaji wa Matembe: Hasara Inayochelewa Kuonekana

Katika ufugaji wa kuku wa mayai, kipindi kinachotazamwa kwa uangalifu mdogo kuliko vyote ni kile cha wiki 18 hivi, kinachoanzia siku kifaranga anapoingia bandani hadi siku anapokaribia kutaga yai lake la kwanza, kwa kuwa katika wiki hizo mfugaji hutoa fedha za chakula, dawa na chanjo bila kuona chochote kinachorudi mfukoni. Kuku jike aliyevuka utoto wa kifaranga lakini ambaye bado hajaanza kutaga huitwa tembe, na mazungumzo haya yanahusu namna joto kali linavyouathiri ukuaji wake. Kuku anayetaga akizidiwa na joto, trei za mayai hupungua siku chache baadaye na mfugaji akashtuka. Tembe akizidiwa na joto, hakuna yai la kuhesabu, na hasara hukaa kimya ndani ya mifupa na viungo vyake hadi miezi kadhaa ipite. Kwa sababu hiyo tembe anastahili ulinzi mkubwa zaidi dhidi ya joto kuliko ule anaopewa sasa katika mabanda mengi ya ukanda wa joto.

Msongo wa joto ni hali inayompata mnyama pale joto analolizalisha mwilini, likijumlishwa na lile analolipokea kutoka nje, linapozidi joto analoweza kulitoa. Mwili wa kuku huwa na nyuzijoto kati ya 41 na 42 za Sentigredi, kiwango kilicho juu ya kile cha binadamu kwa nyuzi nne au tano, na kuku huhitaji kukilinda kiwango hicho kwa sababu joto la mwili likikaribia nyuzi 46 au 47 hufa. Kifaranga wa siku moja, ambaye amefunikwa na malaika tu, huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, na hitaji hilo hupungua kwa nyuzi 3 hivi kila wiki kadiri manyoya yanavyoota, hata ikifika wiki ya tano au ya sita hali inayomfaa ni ile ya nyuzi 18 hadi 24. Hapo ndipo kosa la kwanza hutokea, kwa kuwa mfugaji aliyezoea kuwahurumia vifaranga kwa taa, jiko la mkaa na mapazia huendelea kuufunga upande wa banda ulio wazi, ilhali kuku waliomo ndani wamekwisha kuvaa manyoya kamili, na kile kilichokuwa kinga wiki ya kwanza kimegeuka kuwa mateso wiki ya sita.

Kuku hana tezi za jasho. Joto lake hutoka kwa njia mbili kuu: ya kwanza ni kupitia ngozi, hasa miguuni, chini ya mabawa, kwenye upanga ulio kichwani na kwenye ndevu zilizo chini ya mdomo, ambako damu hupelekwa kwa wingi ili ipoe kwa kugusana na hewa, na ya pili ni kutweta, yaani kuhema harakaharaka mdomo ukiwa wazi, ili maji yaliyo katika njia ya hewa yageuke mvuke na kuondoka na joto. Njia ya kwanza hufanya kazi maadamu hewa ya bandani ina ubaridi kuliko ngozi ya kuku, na hewa hiyo inapokaribia joto la mwili njia hiyo hudhoofika, kuku akabaki kutegemea kutweta peke yake. Lakini kutweta nako hutegemea ukavu wa hewa, maana hewa iliyokwisha kujaa unyevunyevu haipokei mvuke zaidi. Ndiyo maana nyuzi 33 za Dodoma, ambako hewa ya kiangazi ni kavu, si sawa na nyuzi 33 za Dar es Salaam, Tanga au Mombasa katika miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, wakati hewa ya bahari inapokuwa imebeba maji mengi. Pwani ina ugumu mwingine pia: usiku wake haupoi vya kutosha, hivyo kuku aliyekusanya joto mchana hapati saa za kulitua, tofauti na kuku wa bara ambaye huweza kufidia usiku kwa kula na kupumzika kile alichokikosa adhuhuri.

Kutweta kunampoza kuku, lakini gharama yake ni kubwa. Kwanza, misuli inayoendesha pumzi hizo za haraka hutumia nishati ambayo ingejenga mwili. Pili, kuku hupoteza hewa ya kabonidayoksaidi kupita kiasi, damu yake ikapungua asidi na kuelekea upande wa alikali, na mabadiliko hayo hupunguza sehemu ya kalsiamu ya damu ambayo mwili huweza kuitumia moja kwa moja. Kwa kuku anayetaga matokeo yake ni maganda laini na mepesi. Kwa tembe, ambaye mifupa yake ingali inajengwa, matokeo yake ni kwamba madini ya kujengea yanapatikana kwa shida katika wakati ambao hayana mbadala.

Hata hivyo, chanzo kikubwa cha kudumaa ni chakula. Usagaji wa chakula na ujenzi wa mwili huzalisha joto, na kuku anayeelemewa hujilinda kwa kupunguza kula. Kwa makadirio yanayotumiwa sana katika elimu ya lishe ya kuku, ulaji hupungua kwa asilimia 1 hadi 1.5 kwa kila nyuzi moja inayoongezeka kati ya nyuzi 20 na 30, na joto likivuka nyuzi 32 upungufu huo hukaribia asilimia 5 kwa kila nyuzi. Maana yake ni kwamba tembe aliyepangiwa gramu kadhaa za chakula kwa siku, zenye protini, nishati na madini yaliyokokotolewa kwa kiasi hicho, hupata pungufu ya kila kitu kwa pamoja, ingawa mfugaji amenunua chakula kizuri na amekiweka mbele yake. Wakati huohuo kiu huongezeka: kuku ambaye katika nyuzi 20 hunywa maji yenye uzito wa takriban mara mbili ya chakula alichokula, katika nyuzi 35 huweza kunywa mara nne au zaidi, kinyesi kikawa majimaji, maranda ya sakafuni yakalowa, na ukungu pamoja na hewa kali ya amonia vikazidisha shida ya kupumua.

Ndani ya mwili, mabadiliko hayaishii tumboni. Tezi zilizo karibu na figo humwaga kwa wingi homoni iitwayo kortikosteroni, ambayo kazi yake ni kuuandaa mwili kukabiliana na hatari, lakini ambayo ikidumu kwa siku nyingi huvunja protini za misuli ili zitumike kama nishati. Tezi ya thairoidi, inayoongoza kasi ya shughuli za mwili, hupunguza homoni zake, na pamoja nazo hupungua kasi ya kukua. Damu inayoelekezwa kwenye ngozi ili ipoe huondolewa kwenye utumbo, kuta za utumbo hudhoofika, ufyonzaji wa virutubisho hupungua, na vimelea pamoja na sumu zao hupata upenyo wa kuingia mwilini. Viungo vinavyozalisha na kulea chembe za kinga, vikiwemo tezi ya thaimasi, bandama na kile kifuko kilicho juu ya tundu la nyuma kiitwacho basa, husinyaa. Jambo hili lina uzito wa pekee kwa tembe kwa sababu wiki zake za kukua ndizo wiki za chanjo: chanjo za magonjwa ya mareksi, gumboro, kideri na ndui zote hutolewa kabla hajataga, na kuku aliyechanjwa wakati mwili wake umezongwa na joto huweza kujenga kinga hafifu, hata mfugaji akadhani chanjo ilikuwa mbovu. Joto hushambulia hata chanjo yenyewe kabla haijamfikia kuku, kwa kuwa chanjo nyingi hutakiwa kutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Na ni kwa kuutambua ugumu huo kwamba chanjo ya kideri iitwayo I-2, inayostahimili joto zaidi kuliko za kawaida na ambayo asili yake ni utafiti uliofanyika Australia, ilipokewa na kutengenezwa Tanzania kwa manufaa ya wafugaji wa vijijini.

Ili kuelewa kwa nini hasara hii hairekebishiki kwa urahisi, yafaa kuutazama ukuaji wa tembe kwa hatua zake, kwa sababu mwili wa kuku hauongezeki sehemu zote kwa wakati mmoja. Katika wiki 6 za mwanzo hujengwa utumbo, ini, moyo na viungo vya kinga, na kifaranga anayedumaa hapo asipofidiwa mapema huweza kubaki na mfumo dhaifu wa kusaga chakula. Kati ya wiki ya 6 na ya 12 hujengwa mifupa na misuli kwa kasi kubwa, kiasi kwamba kufikia mwisho wa wiki ya 12 karibu asilimia 95 ya kiunzi cha mifupa huwa kimekamilika. Kati ya wiki ya 12 na ya 18 mwili huongeza akiba ya mafuta, na karibu na mwisho wa kipindi hicho mrija wa mayai na ovari hukua kwa haraka, huku ndani ya mifupa mirefu ukijengwa mfupa wa pekee, laini na wenye madini mengi, ambao ndio ghala la kalsiamu litakalochotwa kila usiku wakati ganda la yai linapoundwa.

Mpangilio huo una maana nzito. Tembe aliyekosa uzito wiki ya 4 bado ana muda wa kufidia akipata lishe na nafuu ya joto, lakini tembe aliyeteseka kati ya wiki ya 6 na ya 12 na kumaliza hatua hiyo akiwa na kiunzi kidogo hatarudishiwa kiunzi hicho na chakula chochote. Akilishwa kwa wingi baadaye, uzito atakaouongeza utakuwa zaidi wa mafuta juu ya mifupa mifupi, na mzani utasoma kilo zinazotakiwa ilhali mwili ulio chini yake ni mdogo. Kuku wa namna hiyo akianza kutaga hutoa mayai madogo, huwa katika hatari kubwa zaidi ya kutokeza mrija wa mayai nje, na kwa kuwa ghala la madini katika mifupa yake ni dogo, maganda ya mayai yake hudhoofika mapema na mifupa yake huvunjika kwa urahisi anapozeeka. Mwingine, ambaye uzito wake haujatimia, huchelewa kutaga kwa wiki kadhaa, na kila wiki anayochelewa ni wiki ya kula bila kuzalisha. Kwa ufupi, joto la miezi ya kaskazi huwa deni ambalo mfugaji hulilipa kwa mwaka mzima wa utagaji.

Madhara mengine hujitokeza katika kundi kwa jumla. Chakula kinapoliwa kwa saa chache tu za ubaridi, kuku wenye nguvu hutangulia na wanyonge husukumwa, nao wanyonge hao ndio pia wanaofukuzwa kwenye vyombo vya maji, hivyo baada ya majuma machache kundi la umri mmoja huonekana kama makundi mawili au matatu. Wataalamu hulipima jambo hili kwa kutazama usawa wa kundi, ambao ni asilimia ya kuku wenye uzito usiozidi wala kupungua kwa zaidi ya asilimia 10 ya wastani wa wote. Kundi zuri hutakiwa kuwa na asilimia 80 au zaidi. Kundi lisilo na usawa haliwezi kulishwa vizuri wala kuongezewa mwanga kwa wakati unaofaa, maana kinachomfaa mkubwa humdhuru mdogo.

Kinga ya kwanza ni jengo lenyewe, na hii hupaswa kufikiriwa kabla ya tofali la kwanza kuwekwa. Banda linalofaa ukanda wa joto hulazwa kutoka mashariki kwenda magharibi ili jua la asubuhi na la jioni lipige kuta fupi, lisizidi upana wa mita 10 hivi ili upepo upite kutoka upande hadi upande, liwe na kuta fupi za chini na wavu juu yake, paa lenye mwinuko na upenyo wa kutolea hewa ya moto kileleni, na penu za paa zilizotokeza nje vya kutosha kuzuia jua. Makuti huzuia joto vizuri kuliko bati, na mahali ambapo bati halikwepeki, kulipaka rangi nyeupe juu au kuweka dari ya mikeka chini yake hupunguza joto linaloshuka juu ya kuku. Miti ya kivuli ipandwe pasipo kuziba upepo. Kunyunyizia maji hewani husaidia Dodoma, Singida au Shinyanga, ambako hewa ni kavu, lakini pwani huongeza unyevunyevu na kuzidisha mateso, isipokuwa kuwe na feni au upepo wa kutosha wa kuufukuza mvuke. Msongamano nao ni joto: kila tembe ni chanzo cha joto, na pale ambapo katika nchi baridi mita moja ya mraba huweza kubeba matembe 8 hadi 10, katika banda la wazi la pwani idadi hiyo haifai kuzidi 6 au 7.

Kinga ya pili ni ratiba ya chakula na maji. Joto linalotokana na usagaji hufikia kilele saa kadhaa baada ya kuku kula, hivyo kuku anayeshiba saa 3 asubuhi hukutana na joto la tumbo lake na joto la jua kwa wakati mmoja. Chakula kiwe tayari kabla ya mapambazuko, kiondolewe au kiachwe kiishe kuanzia saa 4 asubuhi, kisha kirudishwe saa 10 alasiri jua linapopungua, na kiasi cha siku nzima kihakikishwe kuwa kimetimia. Wapo wanaoongeza taa usiku ili kuku wale wakati wa ubaridi. Kwa kuku wanaotaga hilo linakubalika, lakini kwa tembe kuna hatari, kwa kuwa kurefushwa kwa mwanga katika umri wa kukua huamsha utagaji kabla mwili haujakomaa. Maji yapatikane muda wote, tangi liwekwe kivulini, mabomba yafukiwe ardhini, na vyombo viongezwe ili wanyonge nao wafikie. Wakati wa joto kali, maji hayo huweza kuongezwa chumvichumvi za kurudisha madini yaliyopotea pamoja na vitamini C, ambayo kuku hujitengenezea mwenyewe siku za kawaida lakini humpungukia anapokuwa katika msongo. Kazi zinazowatia kuku hofu, kama kukata midomo, kuchanja na kuhamisha, zifanywe alfajiri au usiku.

Kuhusu ubora wa chakula, desturi moja inahitaji kuachwa. Kwa kuwa tembe hatoi mayai, wafugaji wengi hupunguza gharama kwa kumjazia pumba za mahindi na mashudu ya kiwango cha chini, na chakula cha namna hiyo, chenye nyuzinyuzi nyingi, huzalisha joto kubwa tumboni huku kikitoa virutubisho kidogo. Kuku anayekula kidogo kwa sababu ya joto huhitaji chakula kilichokolea zaidi, ambamo sehemu ya nishati hutoka kwenye mafuta, ambayo huzalisha joto dogo yanapotumiwa mwilini, na ambamo protini haiongezwi ovyo bali husawazishwa kwa asidi amino muhimu kama laisini na methionini, maana protini ya ziada isiyojenga mwili huvunjwavunjwa, na kazi hiyo nayo huzalisha joto.

Asili ya kuku pia ina nafasi. Kuku wa kienyeji wa Afrika Mashariki wamebeba kwa karne nyingi sifa zinazolingana na mazingira yao, na mfano ulio wazi ni kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, ambaye jeni yake hupunguza manyoya ya mwili kwa takriban asilimia 20 akiirithi kwa mzazi mmoja, na hadi asilimia 40 akiirithi kwa wazazi wote wawili. Kidimu naye, mwenye manyoya yaliyopindika kuelekea nje, huruhusu hewa kuifikia ngozi. Sifa hizi, ambazo watu wengine huzidharau kwa kuwa hazipendezi machoni, ni mali ya thamani kwa watafiti wa uzalishaji wa kuku wanaotafuta mchanganyiko wa utagaji wa kisasa na ustahimilivu wa asili.

Hata hivyo, hatua zote hizo hubaki kubahatisha pasipo kipimo, na kipimo cha tembe ni mzani. Kuwapima kila wiki kuku wachache waliochaguliwa bila upendeleo, kwa siku ileile na saa ileile, kabla ya kula, kisha kuandika uzito wa kila mmoja na kuulinganisha na uzito unaotakiwa kwa aina hiyo ya kuku, humwezesha mfugaji kuona kudumaa wiki inapotokea badala ya kukugundua wiki ya 22 pale mayai yanapokataa kuja. Akiona uzito umepungua wiki ya 7, bado anazo wiki 5 za kuusaidia mfupa. Akiona wiki ya 16, amechelewa. Kipimajoto kinachotundikwa kwenye usawa wa kuku, si juu ukutani, humwambia pia chanzo cha upungufu huo.

Kutokana na hayo, biashara ya matembe, ambayo imekua haraka katika miji ya Afrika Mashariki, ina wajibu wa kubadili namna inavyouza. Kwa kawaida tembe huuzwa kwa umri, na mnunuzi huambiwa kwamba kuku ana wiki 16, akaridhika. Lakini wiki 16 zilizopita katika banda lenye bati moto na msongamano si sawa na wiki 16 zilizopita katika banda lenye hewa na kivuli, na tofauti yake haionekani kwa macho mpaka kuku aingie kwenye utagaji. Mnunuzi anastahili kuoneshwa kumbukumbu za uzito wa kila wiki, asilimia ya usawa wa kundi na orodha ya chanjo, na anastahili kukataa kundi lisilo na kumbukumbu hizo. Nao maafisa ugani wa mifugo, vyama vya ushirika na vituo vya kulelea matembe wanastahili kulifanya jambo hilo kuwa kanuni ya kawaida ya soko. Siku mnunuzi atakapolipa zaidi kwa tembe aliyelelewa bila msongo wa joto, mlezi wa matembe atakuwa na sababu ya kuinua paa la banda lake, kupunguza idadi ya kuku na kununua mzani, na mfugaji wa mayai ataacha kulipia joto ambalo hakulishuhudia.